Mkono Wenye Pete

1

Skola Mgaya alianza kumchukia Vaileti kwa sababu ya namba sitini na sita.

Alikuwa hajawahi kumwona. Hakujua kama ni mrefu au mfupi, mcheshi au mkimya. Alichojua ni kwamba kila asubuhi, kule Njombe, mwanamke huyo alipoweka mkono mgongoni kwa mama, moyo wa mama ulitulia mpaka mapigo sitini na sita kwa dakika. Na kila jioni saa kumi na moja, yeye Skola, mtoto wa pekee, aliyemtesa mama yake siku mbili za uchungu kabla hajakubali kuzaliwa, alipoweka mkono wake, moyo uleule ulishuka mpaka themanini na nne ukakwama hapo kama lori kwenye utelezi.

Mkono wa Skola ulikuwa Dodoma, lakini hilo halikumzuia kuona kwamba ameonewa. Nyuma ya duka lake la mikate, kati ya magunia ya ngano na beseni la kukandia unga, palikuwa na kibao cheusi chenye ukubwa wa sinia dogo. Alinawa, akabandika kiganja, na mama yake akakipata kiganja hicho begani: vidole vitano, joto lake, uzito wake, hata mtetemo wake Skola alipocheka. Kazi hiyo ilifanywa na fulana. Wazee wote wa Makao ya Machweo Mema walivaa fulana za kijivu mchana na usiku, hata wakati wa kuoga, na ndani ya nyuzi zake mlipita mirija myembamba iliyovimba na kupata joto kwa amri ya kibao.

Fulana ilipokea mikono ya mbali na kuhesabu mikono ya karibu. Nani kagusa, wapi, kwa nguvu gani, kwa muda gani. Sheria ilitaka kila mzee aguswe kwa jumla ya saa nne kwa siku. Ilitungwa baada ya ile aibu ya miaka ya nyuma, wazee walipokutwa wamekauka vitandani huku madaftari ya makao yakisema wamekula wakashiba. Karatasi hudanganya, walisema watunga sheria, ngozi haidanganyi. Basi kila jioni ndugu waliletewa taarifa ya ngozi kwenye simu, na Skola aliisoma yake mara tatu tatu.

Mara ya mwisho kusoma kitu kwa makini namna ile ilikuwa simu ya Fabiani, mumewe. Wakati ule wivu ulimwambia kuna mtu. Watu wakasema anajitia wazimu, na mtu akapatikana, tena na mtoto mgongoni. Mwezi wa pili mwaka huu Skola alivua pete akaitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Tangu hapo aliuamini wivu wake kama watu wanavyomwamini fundi aliyewahi kuwaponya na hasara.

Jioni moja, alipobandika kiganja tu, sauti ya mama ikaja kupitia kibao, laini, yenye usingizi.

"Vaileti, mwanangu, ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Skola."

"Aa," mama akasema.

Ile "aa" ilimkaa Skola kooni wiki nzima. Usiseme ni jambo dogo. Mtu anaweza kusamehe tusi, lakini "aa" ya mama yake mzazi ataisamehe vipi?

2

Siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, sinia za kwanza zikiwa ndiyo zinatoka kwenye joko, simu iligeuka nyekundu.

Mgusaji: Vaileti Sanga. Mahali: kiuno na nyonga. Shinikizo: kubwa mno. Joto: nyuzi arobaini na sita. Mapigo ya moyo: mia na ishirini na moja. Sauti: kilio.

Chini palikuwa na majibu matatu ya kuchagua. Ananyanyaswa. Hanyanyaswi. Nitakuja kuona mwenyewe.

Skola aliingiwa na hofu kwa ajili ya mama yake, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini chini yake palikuwa na kitu kingine, kitamu, ambacho hakutaka kukitazama usoni. Sitini na sita imeanguka! Kibao kiliweza kurudia mguso wowote uliohifadhiwa, kwa hiyo akaweka kiganja asikie mwenyewe. Kilikuja kishindo cha kitu cha moto na chenye maji, kikabana, kikaachia, kikabana chini kidogo, kikaachia, kikateremka hivyo kutoka kiunoni mpaka mapajani. Mgongo wake mwenyewe ulikumbuka kitu. Ulikumbuka kwa nguvu kiasi kwamba alisimama wima, kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.

Laiti angengoja dakika moja, mgongo ungemwambia. Hakungoja. Kidole chake kilikuwa kimekwisha kugusa jibu la kwanza.

Saa mbili kamili Bwana Ignas Kaduma, meneja wa makao, alipiga simu. Hakusikika kuwa na huzuni ya mtu ambaye mhudumu wake amemuumiza bibi wa miaka themanini na mbili.

"Dada Skola, umetusaidia sana. Tamko la ndugu likishaingia, mimi sina la kujadili, sheria inanitaka nimwondoe siku hiyohiyo. Huyo binti tumemvumilia mno."

"Kwani alikuwa na matatizo mengine?"

"Anaandikaandika. Kila siku ana barua. Usijali, mama yako sasa yupo mahali salama."

Skola hakuuliza Vaileti alikuwa anaandika nini. Alirudi kwenye mikate yake akiimba, na mwanamke anayemsaidia dukani akamuuliza kama ameposwa tena.

Wiki tatu zilizofuata taarifa zilikuwa kijani tupu, na Skola, aliyeridhika sasa, hakusoma zaidi ya jumla. Mama aliguswa saa sita kwa siku, mbili zaidi ya sheria. Moyo wake ulibaki kwenye themanini na nne, asubuhi, mchana, jioni. Hakuna aliyefikia tena sitini na sita, na Skola, Mungu amsamehe, alifurahi. Aliona heri mama akose utulivu kuliko kuupata kwa mwingine. Hakujiambia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha akaugua malaria, akalala siku mbili bila kukanyaga dukani. Siku ya tatu alisoma taarifa za siku alizolala, safari hii mpaka chini. Mgusaji: Skola Mgaya, muda wa saa tano na dakika arobaini. Mgusaji: Skola Mgaya, muda wa saa nne na nusu.

Mwanzoni alidhani mashine imempendelea. Baadaye akakumbuka kwamba ana siku nyingi hajamsikia mama akijibu lolote jioni, hata ile "aa". Asubuhi iliyofuata alikata tiketi ya treni ya kusini bila kumwambia mtu.

3

Njombe ilikuwa na baridi yake ya mwezi wa sita, ile inayoingia mpaka kwenye meno. Skola alifika Makao ya Machweo Mema saa nane mchana, akiwa na mkate wa maziwa chini ya mtandio. Msichana wa mapokezi alisema ndugu hupiga simu kwanza. Skola akamwambia mama yake hajawahi kupigiwa simu ili amnyonyeshe mtu, akapita.

Chumba cha mama kilikuwa cha mwisho. Harufu ya mkojo ilimpokea mlangoni. Kengele ya kuitia wahudumu ilikuwa imefungwa juu ya ndoano, mahali ambapo hata Skola alilazimika kunyoosha mkono kuifikia. Glasi ya maji ilikuwa upande wa dirishani, mbali na kitanda, na ndani yake kulikuwa na vumbi. Mama, Bi. Edina, alilala kwa ubavu akitazama ukuta. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na kucha zimekuwa ndefu hadi kujikunja. Mwanamke huyu alipokuwa na nguvu zake alimfukuza Skola mezani kwa sababu ya uchafu wa ukucha mmoja.

"Mama. Kamwene, mama," alimsalimia kwa Kibena.

Aliweka mkono juu ya mkono wa mama, ngozi kwa ngozi, chini ya pindo la fulana. Bi. Edina alifumba macho, akashusha pumzi ndefu.

"Vaileti. Umerudi, mwanangu."

"Ni Skola, mama! Mimi ni Skola!"

Mama alishtuka, akajikunyata kama mtoto anayekwepa kofi. Machozi yakamtoka.

"Vaileti, mwanangu, nakuomba," alinong'ona. "Mwambie Skola aninyanyulie mkono wake. Umenilalia tangu asubuhi. Ni mzito. Haunipi maji, haunigeuzi, umekaa tu. Mwambie nimechoka naye."

Skola hakuelewa, mpaka alipomshika mama begani ili amgeuze. Chini ya kiganja chake, kitambaa cha fulana kilikuwa kimevimba, kina joto, na uvimbe ule ulikuwa na umbo. Alipapasa. Kiganja. Vidole vitano. Alilaza kidole kwenye kidole na kila kimoja kikaingia mahali pake. Kwenye kidole cha pete, nyuzi zilikuwa zimefanya mduara mwembamba, mgumu, unaobonyea kwenye nyama ya mama.

Aliutazama mkono wake wa kushoto. Alama ya pete ilikuwa imekwisha kufutika tangu mwezi wa nne.

Mkono ule ulikuwa wake, wa zamani, wa enzi za Fabiani. Mtu alikuwa ameuhifadhi na kuuwasha asubuhi, na fulana, ambayo haidanganyi, ikawa inahesabu: Skola Mgaya, saa moja. Skola Mgaya, saa mbili. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini hawakusema kwamba nyoka anaweza kuichukua akaitembelea.

Alimgeuza mama taratibu na kupandisha fulana nyuma. Juu kidogo ya makalio palikuwa na kidonda cha kulalia, kipana kama kifuniko cha chupa ya uji, chekundu pembeni na cheusi katikati. Kidonda cha namna hiyo hakiji kwa siku moja. Kinatangulia wekundu, wekundu unakuwa lengelenge, na katika kila hatua inatosha mtu mmoja kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili.

Skola alikaa sakafuni, mkate bado uko chini ya mtandio. Alilia kwa sauti, na hakuna aliyekuja kuuliza ni nani analia.

4

"Mkono wa akiba ni halali," Bwana Kaduma alisema. Alikuwa mtu safi, mwenye sweta la kufumwa na sauti ya kasisi. "Ulikubali mwenyewe siku ya kumsajili mama. Kifungu cha kumi na saba: kumfariji mzee wakati ndugu hayupo."

"Kumfariji! Ana kidonda ningeweza kuingiza kidole!"

"Dada Skola, nina wahudumu sita na wazee arobaini na nane. Saa nne kila mzee. Piga hesabu hiyo kisha uniambie ungefanyaje."

"Ningesema sina watu. Nisingeiba mikono ya watoto wao."

Kaduma akasogeza kiti.

"Tuongee kama watu wazima. Unataka kwenda ustawi wa jamii. Nenda. Faili la mama yako likifunguliwa, litafunguka lote, na la Vaileti limo humo. Unajua alikuwa anafanya nini ile Jumanne?"

Skola alikuwa anajua. Alijua tangu alipokaa sakafuni, mgongo ulipomaliza sentensi yake. Miaka ishirini na sita nyuma, alipojifungua mwanawe, mama alimlaza kifudifudi, akachovya taulo kwenye maji ya moto, akambana kiunoni kwa nguvu za mtu anayefua blanketi. Bana, achia, teremka. Skola alipiga kelele mtaa mzima ukasikia, na mama akamwambia apige tu, maumivu yanatoka kwa mdomo. Hakuna mwanamke wa kwao asiyejua kukanda. Waliounda fulana, huko walikoiundia, ndio hawakujua, na mashine yao ikaona moto, nguvu na kilio.

"Alikuwa anamkanda," alisema polepole.

"Alikuwa anamkanda, nyonga zilikuwa zimekakamaa. Mimi nilijua, na wewe mtoto wa Kibena ulipaswa kujua. Ukachagua 'ananyanyaswa'." Kaduma alisema hivyo bila hasira, kama anamsomea ratiba. "Ndugu anayemsingizia mhudumu anaondolewa usimamizi wa mzee. Ni sheria ileile unayotaka kunipeleka nayo. Utakuwa unaomba ruhusa kumwona mama yako. Au tufanye hivi. Mama anahamia leo chumba cha mbele, chenye jua, na mhudumu wake peke yake. Daktari atakuja jioni. Faili la Vaileti tunaliacha lilivyo. Fikiri."

Skola alitoka bila kujibu. Kwenye ukumbi wazee walikuwa wamepangwa kwenye viti, wakitazama televisheni isiyo na sauti. Alipita hii njia mchana bila kuona. Sasa aliona. Juu ya mabega yao, fulana zilikuwa zimevimba kwa umbo la mikono, mmoja mkubwa wa kiume, mwingine wa kitoto, mwingine wenye vidole vinne tu. Kila mzee alishikwa na mkono usio na mtu nyuma yake. Babu mmoja alikuwa anaupigapiga ule wa kwake kwa upole, kama anayemtuliza aliyeko upande wa pili.

5

Hakwenda ustawi wa jamii moja kwa moja. Alijiambia anakwenda kwanza kwa Vaileti ili kumwomba radhi, na nusu ya hilo ilikuwa kweli. Nusu nyingine ilitaka kumwona. Ilitaka kumkuta mchafu, au mkali, au mzuri wa sura kiasi cha kueleweka.

Kwa maelekezo ya msichana wa mapokezi, alimkuta uani kwa dada yake, akipanga maparachichi kwenye kreti. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyenyanyua watu wengi. Sura yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilimuuma Skola zaidi.

Vaileti alimtazama, akajua. Hakumwamkia. Kwa mtu wa umri wake mbele ya mtu wa umri wa Skola, kunyima shikamoo ni kofi.

"Mama amekufa?" aliuliza.

"Hapana. Ana kidonda."

"Mgongoni, chini. Upande wa kulia." Vaileti aliweka parachichi chini. "Nilikiona kikiwa bado ni wekundu tu. Niliandika barua nne. Ya kengele, ya maji, ya kumgeuza, ya mikono ya akiba. Ya tano sikuwahi kuiandika, wewe uliniwahi."

Skola alisema yote, amesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu. Alisema habari za Jumanne, za kibao, za chumba cha mbele chenye jua. Hakusema habari za sitini na sita. Vaileti ndiye aliyezisema.

"Ulinionea wivu," alisema, na haikuwa swali. "Nikwambie kitu? Mimi namwosha, namlisha, namtoa kinyesi, na yeye mchana kutwa ni Skola. Skola alikuwa anapenda ganda la mkate. Skola alianza kutembea na miezi tisa. Siku moja nilikereka, nikamwacha kwenye beseni maji yanapoa, makusudi, mpaka akaanza kutetemeka. Dakika tano hivi. Nikamfunika, nikalia. Hiyo fulana haikuionyesha, maana sikumgusa."

Ndani ya Skola kitu kiliinua kichwa. Hiki hapa. Hiki ni cha kweli, hakuna wa kusema amesingizia. Angeweza kukichukua na kwenda nacho kwa Kaduma, na lile jibu la kwanza alilochagua lingekuwa sahihi hata kama si kwa Jumanne ile. Usimamizi angebaki nao. Mama angepata jua. Na Vaileti asingeitwa mwanangu tena na mtu yeyote. Wivu wake, yule fundi wake wa kuaminika, ulimwekea zana zote mkononi.

"Unataka nikusamehe, au unataka nije kwa mama?" Vaileti aliuliza.

"Nataka uje."

"Basi tangulia ustawi ukaseme kwa kinywa chako. Mimi nikisema ni mhudumu aliyefukuzwa. Na useme leo. Kidonda hakina subira."

6

Afisa ustawi wa jamii alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza bila kuandika mpaka Skola alipofika kwenye pete. Hapo akaomba arudie. Skola alirudia, kisha akaanza upya toka mwanzo, toka sitini na sita, kwa sababu aliona kwamba bila hiyo, habari yote haina kichwa. Ilikuwa aibu kubwa kuliko kuvuliwa nguo hadharani. Afisa hakucheka.

"Unajua ukisaini hapa unapoteza usimamizi?"

"Najua."

Alisaini. Afisa akamgeukia Vaileti, aliyekuwa amefuata nyuma na kukaa kwenye benchi, kisha akarudi kwa Skola.

"Kabla sijamrudisha huyu kwenye kitanda cha mama yako, una lolote lingine juu yake?"

Skola alikuwa bado anauma ulimi, hajui ungesema nini ukiachiwa, Vaileti alipojibu mwenyewe.

"Mimi ninalo," alisema. "Andika na hili."

Jioni ileile mama aliondolewa Machweo Mema kwa gari la wagonjwa, akapelekwa hospitali, na kesho yake maofisa walipita ukumbini wakizima mabega, moja baada ya jingine. Baadhi ya wazee walilia mikono ilipozimika. Habari za Kaduma ni ndefu na zinaendelea mpaka sasa. Vaileti alipewa onyo la maandishi kwa yale maji, na kazi juu yake. Skola alipewa siku mbili kwa wiki, kwa miezi sita, kumwona mama yake mbele ya mhudumu msimamizi. Mhudumu msimamizi alikuwa Vaileti. Skola alisoma karatasi ile mara tatu, kisha akacheka peke yake barabarani, kicheko kibaya.

Alifunga duka Dodoma akapanga chumba Njombe. Siku mbili za kwanza alikaa kwenye kiti na kutazama. Alitazama Vaileti akimgeuza mama, akisafisha kidonda, akimnywesha maji kwa kijiko, na kila "mwanangu" iliyotoka kinywani mwa mama ilimchoma mahali palepale. Wivu haukufa. Nani kakwambia unakufa? Ulikaa naye kwenye kiti kimoja.

Siku ya tatu, asubuhi, Vaileti aliingia na ndoo ya maji ya moto na taulo mbili. Alimvua mama fulana. Hospitali ile haikuzitumia, lakini mama alikuwa amezoea kuvaa, na ile ilikuwa imekufa, kitambaa tu. Akamlaza ubavu, mbali na kidonda, akasogea nusu hatua.

"Mikono yangu ina baridi," alimwambia Skola, bila kumtazama. Ilikuwa inatoa mvuke.

Skola alikunja mikono ya gauni. Alichovya taulo, akakamua, akaiweka kiunoni kwa mama na kubana. Akaachia. Akateremka kidogo, akabana. Miaka yote ya kukanda unga, na hakuwahi kujua kwamba mikono yake ilifundishwa na mgongo wake. Mama alipiga kelele.

"Piga tu, mama," Skola alisema. "Yanatoka kwa mdomo."

Bi. Edina alinyamaza. Hapakuwa na kibao, hapakuwa na namba, kwa hiyo hakuna ajuaye moyo wake ulishuka mpaka ngapi. Macho yalifumbika, shingo ikalegea, na mkono wake mkavu ukarudi nyuma kutafuta mkono uliokuwa unamkanda. Aliupata. Aliupapasa kidole kwa kidole, akafika kwenye kidole cha pete, akakuta hakuna kitu, akatabasamu.

"Vaileti, mwanangu," alisema. "Mungu akubariki."

Vaileti, ukutani, alifungua mdomo ili amsahihishe.

"Abee, mama," Skola akaitikia, akachovya taulo tena.